Mifuko Kumi na Miwili ya Chepkosom

Kwa Duka la Kinyua,
Kimulot.
14 Machi 1994

Kwako Dokta wa Samaki, Rodah Chepchirchir, binti wa mama yangu,

Chamgei mising! Barua yako imefika. Kinyua aliiweka kwanza kwenye mizani ya sukari, akaipima, akasema, "Hii ni ya mtu aliyepata kazi." Huyo Mkikuyu ana kipaji. Nimeisoma mara tatu: mara ya kwanza kimya, mara ya pili kwa sauti, mara ya tatu nimesimama juu ya kreti ya soda mbele ya watu wote waliokuja kuuza majani chai siku hiyo. Hata karani wa kupima majani aliacha kupima.

Sasa kijiji kizima kinajua kuwa dada yangu ameajiriwa Kisumu kwa majaribio ya mwaka mmoja, na kwamba huyo Dokta Onyancha akiridhika, utapewa kazi kamili na kupelekwa Ulaya kusomea maji. Kusomea maji! Mzee Kipkemboi, mwenyekiti wetu wa josho, aliniuliza, "Weldon, maji yanasomwaje?" Nikamwambia, "Mzee, kama ungefika Kampala kama mimi usingeuliza." Ukweli ni kwamba hata mimi sijui. Unajua shule ilinishinda darasa la sita. Lakini nimekuwa taniboi wa lori miaka minane. Nimeona bahari, nimeona Goma, nimeona mwanamke akimpiga askari kwa samaki mbichi. Dunia ilinifundisha, na dunia haina likizo.

Ila nina swali moja. Sisi Wakipsigis tangu lini tunajua samaki? Babu alikuwa akimwita nyoka aliyekosa akili ya kutoka majini. Na kijito chetu cha Chepkosom hakina hata samaki wa dawa. Utasomea nini huku?

Kazi yangu ya josho inaendelea vizuri. Nina filimbi, nina kofia, na kila Alhamisi ng'ombe mia tatu wanapita mbele yangu kama wanajeshi. Hakuna kupe Kimulot. Kupe wakisikia jina langu wanahamia Bomet.

Ng'ombe wa Mama ametupa mimba tena, hii ni mara ya pili. Mama anasema ni jicho la mtu. Mimi nasema ni uzee, wa ng'ombe.

Shirley wangu ameanza shule. Anahesabu mpaka mia moja bila kupumua. Anasema anataka kuwa kama shangazi yake, Senge Rodah. Nimemwambia aanze kwa kunawa miguu.

Ni mimi kaka yako mkubwa, mwangalizi wa josho na mzunguka dunia,
Weldon Kiplangat


Kisumu,
2 Aprili 1994

Kaka Weldon,

Nimecheka mpaka mwenzangu wa chumbani akadhani nimepata wazimu. Tafadhali usisimame tena juu ya kreti za watu.

Sifanyi kazi ya samaki. Kazi yangu ni vidudu vidogo vinavyokaa chini ya mawe mtoni: watoto wa nzi wa mto, wenye mikia mitatu, na wengine wanaojijengea nyumba za mchanga. Ukiinua jiwe unawaona wanakimbia. Hao ndio mashahidi wangu. Chupa ya maji inakuambia habari za leo tu, lakini kidudu ameishi humo miezi mingi. Wao hawadanganyi, kaka.

Nimepewa nichague kijito kimoja. Nimechagua Chepkosom kwa sababu ninakijua. Nitakuja Jumamosi ya tarehe kumi na sita na mifuko kumi na miwili ya wavu iliyojaa mawe. Sita nitaifunga juu, pale msitu unapoishia. Sita nitaifunga chini, karibu na daraja la Mzee Kipkemboi. Itakaa majini wiki sita, vidudu viingie vyenyewe, kisha nitarudi kuvihesabu.

Ninakuomba jambo moja tu. Ilinde. Mbuzi wasiivute, wanawake wasiifulie nguo, na mtu yeyote asiiguse. Hata wewe. Kazi yangu yote, Ulaya na kila kitu, imo ndani ya mifuko hiyo. Ikiharibika nitarudi nyumbani kuchuna chai, na Mama hatasema kitu ila atanitazama.

Ninafurahi Shirley anahesabu. Nimemnunulia daftari lenye mistari.

Dada yako,
Rodah


Kimulot,
24 Mei 1994

Kwako Dokta,

Barua hii namwachia Mama akupe ukija Jumamosi, kwa sababu baba mkwe amefariki na lazima niende Sigor kumzika. Mtu ameishi miaka tisini anachagua kufa wiki unayokuja wewe. Wakwe ndio hao.

Mifuko yako ipo yote kumi na miwili. Nimeilinda kama benki. Mbuzi wa Kipkemboi walikuja, wakaona filimbi yangu, wakageuka kuwa mbuzi wa mtu mwingine. Mama Bilhah, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake, alileta mablanketi ya kufua nikamwambia, "Mama, hapa ni Ulaya, tafuta Afrika mbele huko." Alinitukana Kigikuyu chote anachokijua, kisha akacheka, akaenda mbele.

Sasa sikiliza, usiwe na wasiwasi wowote. Ninajua una mawazo. Mtu mwenye mawazo ya mtihani hali, na wewe tangu utoto ulikuwa huli. Nakwambia ufike na tumbo lililoshiba. Mifuko yako itakufurahisha, ya juu na ya chini. Ndugu yako si mtu wa kukaa akitazama dada yake akiaibika mbele ya Dokta Onyancha. Zaidi siandiki.

Shirley ana mafua kidogo kwa sababu tulishinda naye juzi na jana kule msituni, miguu majini, na ndoo. Ukimuuliza tulikuwa tunatafuta nini atakwambia ni siri. Mtoto huyu ana kifua, hata polisi hawatamweza.

Maziwa ya mursik yako kwenye kibuyu cheusi. Usimwachie Kinyua.

Weldon


Kisumu,
9 Julai 1994

Kaka yangu,

Pole kwa msiba wa Sigor. Nilisikitika kutokukuta. Mama alinipa barua yako, nikaisomea palepale mtoni, kabla sijafungua mifuko.

Nimekaa kwenye hadubini wiki nne. Matokeo ni haya: mifuko sita ya juu ilikuwa na vidudu mia mbili na thelathini na nane. Mifuko sita ya chini ilikuwa na mia mbili na kumi na moja. Tofauti ni ndogo. Maana yake ni kwamba maji ya chini ni mazuri karibu sawa na ya msituni.

Sasa nina jambo la kuungama. Sikukwambia kwa nini nilichagua daraja la Kipkemboi. Ni kwa sababu josho lako liko katikati. Mlipokuwa mnamwaga dawa kuukuu ya kupe kwenye lile shimo la ukingoni, nilidhani inapenya mpaka kijitoni, na kwamba ndiyo inayotupisha mimba ng'ombe wa Mama. Nilikuwa nimekushuku, kaka, na nikakuomba uwe mlinzi wa ushahidi dhidi yako mwenyewe. Nisamehe. Ripoti yangu imelisafisha josho.

Dokta Onyancha ameisoma mbele ya D.O., mkuu wa tarafa. Unakumbuka mradi wa mfereji wa kikundi cha akina Mama Bilhah? Ulikuwa umekwama kwa sababu mabomba ya kutoka msituni ni marefu mno. Sasa wataalamu wamesema maji yachotwe palepale darajani, mabomba mafupi, yashuke mpaka sokoni na shuleni. Msingi wao ni ripoti yangu. Jina langu liko juu ya karatasi, Weldon.

Na mimi nimepewa kazi kamili. Mwezi wa kumi naenda Ubelgiji.

Rodah


Kimulot,
15 Agosti 1994

Kwako Dokta wa kweli sasa, wa stempu,

Sherehe ya mfereji imefanyika jana. D.O. alikuja, chifu akavaa kofia yake, wanawake waliimba mpaka majani ya chai yakainama. Mama ndiye aliyefungua. Alikunywa wa kwanza, akafuta mdomo, akasema, "Haya ni maji ya mtoto wangu." Mpiga picha akampiga picha. Shirley alikunywa wa pili, kwa sababu alisukuma watu.

Nilipaswa kucheza. Watu walinishika mkono, "Weldon, leo huchezi?" Nikasema goti.

Nakuuliza kitu, kwa mfano tu, mimi najua unapenda mifano. Tuseme kuna mtu mahali, si huku, tuseme Goma. Tuseme huyo mtu aliona mifuko ya dada yake ya chini iko tupu kabisa, hakuna hata mdudu wa kumpa salamu, na ya juu imejaa. Akafikiri dada ataonekana mjinga, ameshindwa kazi, atarudishwa nyumbani. Akaongeza kidogo. Kwa upendo tu, kama vile mtu anavyoongeza kuni mbichi juu ya zilizokauka ili mzigo uonekane. Je, wasomi wangegundua? Na hesabu kama hiyo inaweza kurudiwa polepole bila mtu kupoteza kazi?

Ni mfano tu.

Mzee Kipkemboi ameniambia Januari tutaondoa dawa yote ya zamani na kujaza mpya. Nimemuuliza hii ya zamani tutaimwaga wapi. Amenitazama kama nimemuuliza jua litatua wapi.

Kula vizuri.

Weldon


Kisumu,
3 Septemba 1994

Kaka Weldon,

Nina haraka, naandaa safari. Kuhusu mfano wako wa Goma: hakuna mtu mjinga kiasi hicho. Na kama yupo, basi akae kimya, kwa sababu ripoti ikishapigwa muhuri haiwi tena ya mtu mmoja. Dokta Onyancha ameitumia kupima majosho mengine kumi na moja katika wilaya mbili. Ukivuta uzi mmoja unavua shati la watu wengi.

Vidudu havidanganyi. Tuishie hapo.

Picha ya Mama nimeipokea. Nitaenda nayo.

Rodah


Gent, Ubelgiji.
10 Januari 1995

(kadi ya posta yenye picha ya mnara)

Kwa Shirley,

Senge yuko mbali sana na kuna baridi zaidi kuliko Kimulot ya Julai. Hapa hata bata wanateleza juu ya maji yaliyoganda. Soma kwa bidii. Usinywe maji ya mtoni kama watoto wa zamani, kunywa ya mfereji. Ukifika mia tano kwa kuhesabu nitakuletea hadubini ndogo.

Senge Rodah


Kimulot,
12 Februari 1995

Rodah,

Kadi yako ya mnara imefika juzi. Kinyua hakuipima. Aliniletea mwenyewe mpaka nyumbani, akaiweka juu ya meza, akaondoka bila kunywa chai.

Shirley tumemzika tarehe ishirini na saba Januari.

Nitakueleza kwa mpango kwa sababu wewe ni mtu wa mpango. Alhamisi tarehe kumi na tisa tuliondoa dawa ya zamani tukaimwaga kwenye shimo, kama kila mara. Nilishika ndoo mimi mwenyewe. Kijito kilikuwa kimepungua sana, kiangazi, unaweza kukivuka bila kukunja suruali. Jumatatu asubuhi Shirley alienda kuteka maji kabla ya shule. Unajua lazima awe wa kwanza. Aliinamisha mdomo kwenye mfereji akanywa.

Alirudi akitokwa na mate. Mama yake alidhani ameng'ata ulimi. Akaanza kutetemeka, na mboni za macho zikawa ndogo kama tundu la sindano. Daktari wa hospitali alisema ni malaria ya kichwani. Mimi nikamwambia, "Daktari, mimi si msomi, lakini haya mambo nimeyaona. Ndama wa Kinyua alilamba josho akafa hivihivi, mate hivihivi, macho hivihivi." Akaniuliza nina cheti gani. Nikasema nina filimbi. Nilisema hivyo, Rodah. Mtoto wangu amelala pale na mdomo wangu ukatoa mzaha. Sijui huu mdomo nilipewa na nani.

Alikufa jioni ya tatu. Mama yake amerudi kwao Sigor.

Sasa nakuambia bila Goma. Mifuko ya chini niliijaza mimi. Nilichungulia mara moja tu, nikaona ya juu imejaa na ya chini haina kitu, nikasema dada yangu anaenda kuaibika. Sikujua mifuko tupu ndiyo ilikuwa jibu. Nani angejua? Kila mtihani niliowahi kuuona, tupu ni sifuri.

Nimemwendea chifu nikamwambia mfereji ufungwe. Akatoa ripoti yako kwenye droo, akanionyesha muhuri. "Weldon, dada yako mwenyewe amesema maji ni safi. Wewe una huzuni. Nenda ukapumzike." Nikafunga mfereji kwa kufuli la josho. Mzee Kipkemboi akalivunja kwa nyundo, akaniambia nisilete ulevi wa msiba kwenye maji ya watu.

Mimi hawanisikii. Wewe watakusikia. Andika barua moja, Rodah. Mistari miwili inatosha: ripoti ina makosa, fungeni mfereji, chimbeni shimo la josho mbali na mto. Lawama yote weka kwangu. Sema kaka yako ni mjinga. Ni kweli, na si habari mpya.

Mama bado anakunywa yale maji. Anasema ni ya mtoto wake. Siku hizi anashika kikombe kwa mikono miwili.

Ninangoja.

Weldon


Gent,
20 Machi 1995

Weldon,

Nimesoma barua yako. Pole. Sina neno kubwa kuliko hilo na sitalitafuta.

Umeomba barua. Siwezi kuiandika sasa. Nikiandika kwamba ripoti ina makosa, Dokta Onyancha ataulizwa juu ya majosho kumi na moja, mimi nitarudishwa kabla ya mwezi kuisha, na hakuna kituo chochote cha maji kitakachoniajiri tena. Miaka yote ya Mama kuchuna chai kwa vidole vilivyopasuka itakuwa bure. Nimebakiza miezi kumi na minane. Nikimaliza nitarudi, nitaomba kijito kipimwe upya kama kazi mpya, na jambo litarekebishwa bila kelele. Kwa sasa waambie wachemshe maji.

Hakuna aliyepima damu ya mtoto. Inawezekana daktari alikuwa sahihi. Malaria ipo.

Na usizunguke na hadithi ya kujaza mifuko. Ukiisema, wa kwanza kukamatwa ni wewe. Uliharibu kazi ya serikali, na dawa uliimwaga kwa mkono wako.

Unadhani ulinidanganya. Basi nikuondolee mzigo huo, kwa kuwa unaupenda sana. Siku ile mtoni nilimimina mifuko kwenye sinia nyeupe. Vidudu vya juu vilikimbia kila upande. Vya chini vililala. Vyote. Vilikuwa vimekufa siku moja au mbili, bado vizima mwili. Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu: ndoo, msitu, siri. Nilikaa juu ya jiwe nikafikiri muda mrefu. Kisha nikavitia vyote kwenye chupa za spiriti. Ndani ya spiriti, Weldon, aliyekufa jana na aliyekufa sasa hivi ni sawa.

Ungeniachia mifuko tupu ningekuwa na ripoti nzuri na ya kweli. Wewe ndiye uliyenipa njia rahisi. Sikuiomba.

Usiniandikie tena kuhusu hili kwenye anwani hii.

R. Chepchirchir


Kimulot,
11 Juni 1995

Rodah,

Hii ni ya mwisho, kwa hiyo vumilia, nitaandika kama mtu anayelipwa kwa kilo.

Kuchemsha. Hata mimi wa darasa la sita najua dawa ya kupe haiondoki kwa kuchemshwa. Imeandikwa kwenye mkebe, chini ya picha ya fuvu. Lakini asante.

Barua yako ilipofika nililala siku mbili. Siku ya tatu nikaenda kwa Kinyua nikamwomba mifuko ya wavu ya vitunguu. Akanipa kumi na miwili, hakuuliza. Nikaijaza mawe. Sita nikafunga juu, sita chini, mahali palepale pako, kamba zako za zamani bado zipo. Halafu nikaenda kanisani, nikasimama wakati wa matangazo, nikawaambia wanawake, "Ninyi hamwamini maneno yangu, na mko sawa, mimi mwenyewe nimeacha kuyaamini. Lakini kila Jumapili mkitoka hapa, pitieni mtoni, mtazame kwa macho yenu. Chagueni watu wa kulinda. Mimi nisikaribie." Mama Bilhah akasema, "Huyu amechanganyikiwa." Lakini akaweka walinzi. Ujuzi ule ulinifunza wewe, Dokta. Wiki sita, na mtu yeyote asiiguse.

Jumapili iliyopita ilifunguliwa. Nilileta sinia nyeupe ya Mama, ile ya harusi. Mifuko ya juu ikamwagwa. Ungewaona! Vidudu vilikimbia mpaka watoto wakapiga kelele. Mama mmoja akasema, "Kumbe mto una watu." Kisha ya chini. Wa kwanza, mawe. Wa pili, mawe. Wa tatu hawakumwaga wakaingiza mkono. Mawe. Na mitatu iliyobaki hivyohivyo.

Mama Bilhah hakwenda kwa chifu. Alichukua debe lake, akapanda kuelekea msituni, na wengine wakamfuata, mmoja mmoja, bila hotuba. Mfereji sasa umekauka kwa sababu hakuna anayeufungua. Mzee Kipkemboi amekubali shimo jipya. Kwa hiyo lile ulilotaka lingoje miezi kumi na minane limeisha kwa mifuko ya vitunguu.

Lakini kabla hajapanda, Mama Bilhah aligeuka akauliza, "Na ripoti ilisemaje maji ni safi?"

Nikasema, "Mimi nilijaza mifuko."

Basi. Filimbi imechukuliwa, kofia pia. Hiyo ni haki. Hawakunipiga, ila Kipkemboi alitema mate, yakafika.

Kisha Mama akaja. Alitembea taratibu, unajua sasa hata miguu inatetemeka. Akanishika shati hapa kifuani, juu ya mfuko. Barua yako ilikuwa humo ndani, Rodah. Vidole vyake vilikuwa juu yake, ungesikia karatasi. Akaniuliza mbele ya watu wote, "Rodah alijua?"

Nimesema uongo mwingi maishani. Niliwaambia watu Goma kuna mto unaowaka moto. Niliwaambia nimekula na waziri. Lakini sijawahi kuwa na uongo mzito mdomoni kama ule.

Nikasema, "Angejuaje, Mama? Nilimdanganya."

Akaachia shati. Akasema, "Basi wewe ndiye uliyemuua mtoto wako, na bado ukataka kumharibia dada yako." Tangu siku hiyo siingii nyumbani kwake. Chakula chake mimi sili, na ugonjwa wake nausikia kwa majirani. Picha ile ya mfereji ameitundika ukutani, na pembeni kaweka kadi yako ya mnara. Anawaambia wageni, "Huyu ndiye aliyebaki."

Nimemwachia hivyo. Ana mtoto mmoja mzuri, na mimi si mtu wa kumnyang'anya mwanamke mzee kitu chake cha mwisho. Barua yako nimeitia kwenye shimo la josho. Soma, umalize, urudi na vyeti vyako. Hakuna atakayekuuliza.

Ila mimi nina swali moja, si la mfano.

Ile siku ya ndoo Shirley ndiye aliyekuwa akivitia vidudu kwenye mifuko yako ya chini. Mimi nilishika tu. Alikuwa na mkono mwepesi, hakumwumiza hata mmoja. Alikuwa akihesabu: mmoja wa Senge, wa pili wa Senge. Mpaka mia. Zaidi ya mia alikuwa hajui, kwa hiyo alirudi mwanzo akafika mia nyingine. Kisha akafika kumi na moja, mafua yakaanza, nikamwambia, "Basi mama, inatosha, Senge amefaulu."

Juzi nilimwomba chifu anionyeshe ile ripoti. Nimesoma mstari wa mifuko ya chini kwa kidole, kama mtoto.

Mia mbili na kumi na moja.

Alikuwa darasa la kwanza, Rodah, na hakukosea hata mmoja. Wewe uliviokota vyote, vimekufa, ukavihesabu kimoja kimoja, kama alivyovihesabu yeye. Ulipofika mia, ulisimama kidogo?

Weldon